Wakwe Kwenye Geti la Mzungu

Rangi ya dhahabu haikupatikana Matisi yote. Kagwe alizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi mpaka viatu vikamchubua, akarudi nyumbani na mkebe mdogo wa rangi nyekundu, akamtangazia mkewe Rosaline kwamba nyekundu ndiyo rangi ya watu wakubwa.

"Wakubwa gani, baba Wangu?" Rosaline akauliza bila kuinua kichwa kwenye ungo wa mchele. "Wenye bucha?"

Kagwe alimpuuza. Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake wakwe walikuwa wanakuja kutoka Kanduyi, kule Bungoma, kumposa rasmi binti yao Wangu, mwalimu wa shule ya msingi Kimilili, na Kagwe alikuwa na haja moja tu duniani: wakwe walione geti lake. Mbuzi angechinjwa, wali ungepikwa, lakini hayo hufanywa na kila mtu. Geti kama lile, Kitale nzima, lilikuwa kwa nani mwingine?

Na tusimwonee mzee wa watu, geti lenyewe lilikuwa geti kweli. Mzungu aliyekuwa na shamba hilo zamani alilileta kutoka kwao Uingereza, mapande kwa mapande, akalisimamisha hapo kumkumbusha nyumbani. Pande mbili za chuma kilichosokotwa kama nywele za msichana aliyetoka saluni, kila upande unampita mtu mrefu kwa mkono mzima. Nguzo za mawe ya kuchongwa, na juu ya nguzo mpira wa jiwe ambao hakuna aliyejua kazi yake. Kutoka kwenye nguzo ukuta ulikwenda hatua ishirini huku, hatua ishirini huku, kisha ukakoma ghafla kwenye mahindi. Mawe yaliyobaki yalishajenga choo cha shule, zizi la jirani Kiptum na ngazi za kanisa.

Kwenye nguzo ya kushoto palikuwa na jina la shamba, lakini lori la mahindi liliigonga mwaka ule wa mvua nyingi, jina likavunjika vunjika. Nguzo ya kulia ilibaki na neno lake moja, limezikwa kwenye kuvu. Kagwe alilikwangua kwa panga, akalisugua kwa sabuni, kisha akatoa ulimi pembeni mwa mdomo kama mtoto wa nasari na kulipaka rangi, herufi baada ya herufi: LODGE.

"Futa hilo neno," Rosaline akamwambia alipokuja kutazama.

"Ng'o! Wewe unajua maana yake?"

"Naijua. Na wewe unaijua. Ndiyo maana nakwambia futa."

Kagwe akageuka upesi kuona kama kuna mtu amesikia. Maana kuhusu neno hilo alikuwa amedanganya, na si uongo wa jana. Kwa miaka arobaini alikuwa akiwaambia watu kwamba Wazungu wakubwa huitwa lodi, na lodi hukaa kwenye lodge, kwa hiyo yeye Kagwe anaishi ndani ya nyumba ya lodi. Hata Wangu alikua akiamini hivyo. Ukweli ni kwamba nyumba ya Mzungu ilikuwa mlimani, imeshabomoka mpaka msingi, na lodge ni kile kinyumba cha mawe kinachojengwa karibu na geti kwa ajili ya soja, mlinzi wa kufungua na kufunga. Na soja wa geti hilo, tangu kabla ya uhuru mpaka Mzungu alipofunga mizigo yake, alikuwa baba yake Kagwe. Shamba lilipokatwa vipande wakampa kile kipembe cha geti, maana hakuna mwingine aliyekitaka.

"Mama Wangu," akasema kwa sauti ya chini, "kesho ni siku moja tu. Niache."

Rosaline akamwacha. Alikuwa ameshamwacha mara nyingi.

* * *

Watu wengine nao walifanya kazi kwa bidii, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Wacera, mwenyekiti wa chama cha akina mama, alikula yamini kwamba wakwe hawataingia hivi hivi kama wanaingia kioski. Kikwetu, akasema, wakwe husimamishwa getini, wanaimba, akina mama wa ndani wanawajibu kwa nyimbo, wanatoa kitu kidogo, ndipo wanafunguliwa. Sasa hilo geti lilikuwa limekaa wazi miaka na miaka, nyasi zimelimeza. Vijana wawili wa Kiptum wakafyeka, wakalisukuma mpaka likafunga kwa kishindo, na Wacera akalitia mnyororo na kufuli mpya.

Binamu yake Kagwe, Kimotho, naye hakutaka kuachwa nyuma. Tenti ya kanisa ilikuwa imekwenda matangani, kwa hiyo akaleta nyingine ya kukodi, safi kabisa, isipokuwa ilikuwa na picha ya chupa ya bia kubwa kama ng'ombe. Kisha akachomoa taa za Krismasi kwenye duka lake akazizungusha getini, zikawa zinawaka nyekundu, zinazima, zinawaka.

"Hapo sasa!" Kagwe akasema asubuhi ya Jumamosi, mikono kiunoni. Aliona geti, taa, herufi, na ule ua wa kayaba ulioficha kinyumba chake kisionekane barabarani. Alifurahi mpaka akasahau kunywa chai.

Saa tano Nissan mbili za kukodi zikasimama. Kwa mila, baba wa msichana hatoki kwenda getini. Hukaa ndani na wazee, ametulia, kama hajui kuna wageni. Kagwe akakaa chini ya ile chupa ya bia, kofia imenyooka, akawasikia wageni wakianza kuimba. Kulikuwa na sauti moja ya mwanamke iliyopanda juu ya zote. Kina Wacera wakajibu kutoka ndani. Wageni wakajibu tena. Vigelegele. Kagwe akafumba macho, moyo wake umejaa.

Halafu zikasikika kelele za vijana. "Sukuma! Si hivyo bana, vuta!" Nyimbo zikaendelea, lakini zikaanza kuchoka. Wageni waliimba wimbo wa tano, wakarudia wa kwanza, wakaingia za kanisani. Nusu saa ikapita. Kisha nyimbo zikakoma zote kwa pamoja, na Kagwe akafumbua macho.

Wacera alikuja mbio, kitambaa kimeteleza kichwani.

"Baba Wangu, geti limekataa. Kufuli imefunguka lakini geti limezama, halisogei hata kidole."

"Wazungushe mwisho wa ukuta, wapite kwenye mahindi."

"Nimewaambia. Yule mzee wao anasema mkwe hapiti shambani kama nguruwe mwitu." Wacera akavuta kitambaa chake juu. "Na hiyo si shida. Shida ni kwamba waliposimama pale muda wote huo, wamesoma."

"Wamesoma nini?"

"Ile kitu umeandika. Mama ya kijana anasema hii ni lojingi, ile ya vyumba vya kukodi kwa saa. Anasema hawezi kutoa mke wa mtoto wake kwa lojingi. Ati waingie gari warudi Bungoma."

Kagwe alisimama, mila ikabaki kwenye kiti.

* * *

Wageni walikuwa kumi na wanne, wamevaa wakapendeza, wamesimama nje ya vyuma. Mbele alikuwa Nangila, mama wa Sikuku, kijana anayeoa. Alikuwa mwanamke mnene wa kanisa la Friends, kitambaa cheupe, Biblia chini ya kwapa. Kando yake alikuwa msemaji wao, Mzee Mukhwana, koti la suti na fimbo. Sikuku mwenyewe alikuwa nyuma akitazama viatu vyake kama vilikuwa vinamwambia kitu.

"Karibuni wakwe, karibuni sana," Kagwe akasema kupitia vyuma. Taa zikawaka usoni pake, zikazima.

"Murembe," Mukhwana akamjibu kwa adabu ya baridi. "Wewe ndiye mwenye hii biashara?"

"Hakuna biashara hapa, mzee wangu. Ni nyumbani."

"Ati nyumbani." Mukhwana akainua fimbo akaigusisha nguzo, herufi moja moja. "Mimi nimetoa raiseni za biashara Bungoma miaka ishirini na miwiri. Nyumbani haina fomu. Rodge iko na fomu, na iko ukurasa mmoja na baa."

Akina mama wa Kanduyi wakaguna. Wanawake wa ndani wakatazamana.

"Hiyo lodge si ile lodge," Kagwe akaanza. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya kofia. "Hii ni ya Wazungu wa zamani. Unajua lodi? Lodi alikuwa anakaa..."

"Mwenyewe hebu niulize," Nangila akamkata. Alikuwa na sauti ya kuendesha kwaya. "Sikuku alituambia nyumba yenu ni ya vyumba kumi na moja. Ni uongo?"

Kagwe akamtazama Sikuku. Sikuku akamtazama Wangu, aliyekuwa amefika mbio kutoka jikoni na leso ya harusi begani. Hivyo vyumba kumi na kimoja Kagwe alivitaja mwenyewe kwa kijana huyo mwaka jana, hotelini mjini Kitale, walipokutana mara ya kwanza, huku akila nyama aliyonunuliwa na kijana.

"Si uongo sana," akasema.

"Na watoto ni wangapi?"

"Wawili. Wangu na kaka yake, yuko Nakuru."

"Basi, watu wanne, vyumba kumi na moja." Nangila akawageukia wenzake. "Hivyo vingine saba ni vya nani? Tenti ya pombe, mnaiona. Maandishi mekundu, taa nyekundu inakonyeza watu mchana wa Mungu. Na ukuta wa kuficha magari! Mimi si mtoto. Hata pale Kanduyi ziko, lakini angalau zenyewe ziko na aibu, zinajificha nyuma ya stendi."

"Mama, tafadhali," Sikuku akasema.

"Nyamaza. Wewe ulikuwa unalala hapa?"

"Sijawahi!"

"Ingia gari."

Kimotho aliona hapo ndipo pa kusaidia. "Wakwe, hata kama ingekuwa lodging, hii ingekuwa ya heshima," akasema, na kila mtu wa upande wake akatamani ardhi immeze Kimotho, si wao. Nakhumicha, shangazi wa kijana, yule mwenye sauti kali ya kuimba, akaanza kukusanya mifuko ya zawadi na kuirudisha kwenye gari. Sukari ikarudi. Blanketi la mama likarudi. Shati la baba, jipya ndani ya karatasi yake, likapita mbele ya macho ya Kagwe likarudi.

Wangu akamshika baba yake kwa kiwiko, akamvuta kando ya nguzo.

"Baba, hawa wakiondoka hawarudi. Unajua hawarudi. Nilikuwa na mtu mwingine kabla, ukamwambia hatoshi kupita kwa hili geti, akaenda. Nina miaka thelathini na mitatu." Hakulia, na afadhali angelia. "Waambie ukweli wowote ulio nao. Lakini waambie sasa."

Kagwe akamtazama Rosaline. Rosaline alikuwa amesimama na mwiko mkononi, mchuzi unadondoka kwenye kiatu chake. Hakusema "si nilikwambia". Alitikisa kichwa kidogo tu, juu na chini.

Injini ya Nissan ya kwanza ikawaka.

"Vyumba ni viwili!" Kagwe akapiga kelele.

Watu wakageuka. Kagwe akashika vyuma vya geti kwa mikono miwili, uso katikati, na kwa kweli alionekana kama mtu wa rumande.

"Ni viwili na jiko la nje. Hivyo kumi na moja nilitia chumvi. Hakuna lodi. Hakujawahi kuwa na lodi hapa. Mzungu alikaa kule juu mlimani. Lodge, mama mkwe, kwa Kizungu chao ni nyumba ya soja wa geti. Mimi nimezaliwa ndani ya nyumba ya soja. Baba yangu ndiye alikuwa soja. Gari likija, anafungua. Likipita, anafunga. Hiyo ndiyo kazi ilitulisha, na nimeificha tangu nikiwa kijana kwa sababu nilikuwa naona haya. Sasa mmejua. Hata huyu binti hakuwa anajua."

Wacera alikuwa amefunika mdomo. Kimotho, ambaye kwa miaka yote alijisifu sokoni kwamba ana undugu na nyumba ya lodi, alikuwa anaonekana amepunguzwa cheo bila barua.

Nangila akarudi polepole mpaka kwenye vyuma. Akamtazama Kagwe kwa karibu.

"Mwenye lojingi pia anaweza kusema hivyo," akasema. "Maneno hayana uzito. Kama baba yako alifungua hili geti maisha yake yote, na wewe ulikuwa hapo, mbona vijana watano wameshindwa nalo?"

"Kwa sababu wanasukuma," Kagwe akasema. "Halisukumwi."

"Basi lifungue."

* * *

Kagwe akawaambia vijana wasogee. Hakuwa ameligusa hivyo kwa zaidi ya miaka hamsini. Akageuza mgongo kwa wageni, akachuchumaa kidogo, akaingiza bega chini ya chuma cha tatu kutoka chini, pale palipokuwa pamelainika kwa bega la mtu mwingine. Akavuta pumzi. Halafu hakusukuma wala kuvuta, akanyanyua. Kitu kikalia ndani ya jiwe, kwii, na lile geti lililowashinda vijana watano likanyanyuka, likamfuata mzee wa miaka sitini na mitano kwa hatua ndogo ndogo za kando, likafunguka mpaka mwisho.

Angeishia hapo ingekuwa imetosha. Lakini mwili ulikuwa na kumbukumbu yake. Baba yake alipokuwa na homa, ni Kagwe mdogo aliyefungua, na alifundishwa yote, mpaka mwisho. Kabla hajajizuia, visigino vikagongana, kofia ikatoka kichwani ikaenda kifuani, kidevu kikashuka, na sauti nyembamba ya mtoto ikatoka kwenye koo la yule mzee:

"Gudi aftanuni, Memsab!"

Nangila akapigwa na butwaa. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, kikafuata kifua, Biblia ikamponyoka, Mukhwana akaidaka, na mama wa kanisa akacheka mpaka akashikilia nguzo yenye LODGE asianguke. Wenzake wakaangua nao. Wangu alikuwa anacheka na kulia, hata yeye hakujua kipi kilianza. Kagwe alibaki pale na kofia kifuani, masikio yanawaka moto, anatamani wacheke upesi wamalize.

"Aiii, yaya," Nangila akasema akijifuta macho. "Huyu si mtu wa lojingi. Hii haiwezi kufundishwa lojingi."

"Ni kweri tupu," Mukhwana akasema. "Nimeikubari."

Nangila akafungua pochi yake, akatoa ile bahasha ya kufunguliwa geti iliyokuwa ya kina Wacera, akaiweka kwenye kiganja cha Kagwe.

"Haiya! Hiyo ni yetu!" Wacera akaruka.

"Nyinyi mlifungua nini?" Nangila akamuuliza. Kisha akamgeukia Kagwe, na kicheko kilikuwa kimeisha usoni. "Mzungu alikuwa anampa baba yako kitu, akimfungulia?"

"Hakuwa anasimamisha gari," Kagwe akasema. "Alikuwa anapiga honi tu. Alimwita Geti. Geti, fungua. Geti, funga. Sijui kama alijua jina lake."

"Jina lake ni nani?"

Kagwe akakunja ile bahasha kiganjani. "Gathii," akasema.

"Nakhumicha!" Nangila akaita. "Rudisha zile vitu zote. Na uimbe. Tunaingia kwa Kasii."

Nakhumicha akashuka kwenye gari na blanketi kichwani, akaanzisha wimbo palepale, na kila palipokuwa na nafasi ya jina akamtia Gathii kwa ulimi wa kwao, Kasii, Kasii, wengine wakaitikia. Wakaingia mmoja mmoja katikati ya nguzo mbili. Hakuna aliyepita bila kusimama. Kila mmoja alimshika Kagwe mkono, akamuuliza habari ya nyumbani, akangoja ajibu. Sikuku alimshika kwa mikono miwili na kusema "Shikamoo, baba," na Kagwe akaona kijana ana macho mazuri, jambo ambalo hotelini hakuliona kwa kuwa alikuwa anazungumza yeye tu.

Mukhwana alikuwa wa mwisho. Akamnong'oneza.

"Mkwe, hiri neno rifute kabra ya saa nane."

"Kwa nini saa nane?"

"Ndugu zangu wa Bungoma mjini wanakuja na gari ya tatu. Hao si watu wa kanisa. Wakiona rodge, wataomba funguo."

Akapita. Kagwe akabaki peke yake na lile geti, mkono juu ya chuma, mguu wa kulia nyuma kidogo, vile baba yake alivyokuwa akisimama mpaka vumbi la gari litulie. Baada ya hapo baba yake alikuwa akifunga na kurudi kukaa kwenye jiwe lake nje, karamu ya Mzungu ikiendelea mlimani.

"Baba Wangu!" Rosaline akaita kutoka ng'ambo ya ua wa kayaba, ambako wageni kumi na wanne walikuwa wanagundua kwamba vyumba viwili ni viwili kweli. "Watu wameketi! Unafanya nini huko?"

Kagwe akaliacha geti wazi, akavaa kofia yake, akaingia kula pamoja na wageni.